Afraha ni ya nani?

Muulize mkazi wa Nairobi wananchi hukusanyika wapi wanapokuwa na jambo lao, atakutajia Uhuru Park. Wa Mombasa atakuelekeza Mama Ngina, kule karibu na feri ya Likoni. Wa Unguja hana haja ya kufikiri, atakuambia Forodhani. Mkazi wa Nakuru, jiji la nne la Kenya, atanyamaza kidogo, kisha pengine ataitaja Afraha, ambayo kwa kweli ni uwanja wa mpira.

Nakuru haikuwahi kujengewa uwanja wa wananchi. Mji huu ulianza kama kituo cha reli mwaka 1900, ukatangazwa mji mdogo mwaka 1904, na waliouchora walikuwa na mambo mawili akilini: mazao ya walowezi yafike stesheni, na kila rangi ikae upande wake. Wazungu walipanda Milimani, kwenye mteremko wa Menengai, wakapata hewa safi na ziwa la kutazama kwa mbali. Wahindi wakapewa sehemu ya maduka. Waafrika wakateremshwa Bondeni. Katika ramani ya namna hiyo hapakuwa na sababu ya kuacha mahali ambapo watu wote wangesimama pamoja, kwa maana waliochora hawakutaka wasimame pamoja.

Wananchi wakajitafutia wenyewe. Uwanja wa Afraha, ambao mtu hufika kwa miguu akitoka katikati ya mji, ukawa baraza la Nakuru na la Bonde la Ufa lote la kati. Watu wa Molo, Njoro, Subukia, Rongai, Bahati na Gilgil waliposikia kuna mkutano mkubwa mjini, hawakuuliza ni wapi. Ulikuwa ni uwanja wa watazamaji takribani 8,000, lakini siku ya mkutano hakuna aliyehesabu viti. Nyasi zilijaa, ukuta ukapandwa, na waliokosa nafasi wakasikilizia vipaza sauti barabarani.

Jumapili ya Desemba 2, 2012, Uhuru Kenyatta na William Ruto walisimama hapo wakatangaza kwamba vyama vyao, TNA na URP, vitakwenda pamoja kwenye uchaguzi wa 2013. Hawakuichagua Nakuru kwa bahati. Hapa ndipo jamii walizotoka zilikuwa zimeumizana vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi miaka mitano tu iliyotangulia, na muungano ambao haungeweza kusimama Afraha usingesimama popote. Aprili 16, 2016, siku chache baada ya kesi ya mwisho ya Wakenya kuhusu ghasia zile kuporomoka katika mahakama ya kimataifa kule The Hague, wakarudi hapo hapo kwa maombi ya shukrani. Na Juni 1 mwaka huo huo, sherehe za kitaifa za Madaraka zilipoondolewa Nairobi kwa mara ya kwanza, zililetwa Afraha. Wazee waliokuwa wakisikiliza gwaride redioni tangu 1963 waliliona kwa macho yao.

Lakini kwangu mimi, siku zilizoipa Afraha uzito wake ni nyingine. Mwishoni mwa Januari 2008, mapigano ya baada ya uchaguzi yalipoingia mitaa ya Nakuru, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Wengine walikwenda uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambao ukawa kambi kubwa, na wengine wakaingia Afraha. Pale ambapo vijana walikuwa wakishangilia mabao, akina mama waliweka mafiga na kutandika maturubai. Kila mji hujua mahali pake pa kweli siku ya shida. Watu hawakukimbilia majumba marefu wala hoteli. Walikimbilia ardhi ya umma, kwa kuwa hapo hakuna mwenyewe wa kuwafukuza.

Ndiyo maana swali la Afraha inajengwaje upya, na inajengewa nani, si swali la wapenzi wa soka peke yao.

Ardhi yenyewe ni haba. Nakuru imebanwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Kaskazini iko Menengai, volkano yenye shimo kubwa ajabu. Kusini liko Ziwa Nakuru na hifadhi yake, ambayo imelindwa kama mbuga ya taifa tangu 1968 na ambayo mji umeifikia hadi ukutani. Na ziwa lenyewe limekuwa likipanda tangu mwanzoni mwa muongo uliopita, likameza lango la zamani la mbuga na kuyakaribia makazi ya watu. Kwa hiyo mji hutanuka kwa mashariki na magharibi tu, kuelekea Lanet na Kiamunyi, ukifuata barabara kuu. Watu nao hawangoji. Sensa ya 1969 iliwakuta wakazi wasiofika 50,000. Ya 2009 ikawahesabu 307,990. Ya 2019 ikawahesabu 570,674. Katika miaka kumi ya mwisho mji umeongeza watu zaidi ya waliokuwapo mwaka 1999 wote, na kwa hao wote haukuongezewa hata uwanja mmoja wa wazi wa maana katikati yake.

Si kwamba katikati ya mji hakuna nyasi. Zipo, tena za kijani. Rift Valley Sports Club, ambayo ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama klabu ya walowezi, ina uwanja wa kriketi katikati kabisa ya jiji. Nje kidogo kuna Nakuru Athletic Club, ambako raga ya wachezaji saba huwaleta vijana kutoka nchi nzima. Kuna uwanja wa gofu. Hivi ni vilabu, vina wanachama wake na vinatunzwa kwa ada zao, na siwalaumu wanaovitunza. Nasema tu kwamba ukitazama Nakuru kutoka juu ya Menengai, karibu kila kiraka kipana cha kijani unachokiona kati ya reli na ziwa kina lango na mlinzi.

Wasio na kadi ya uanachama wanabaki na bustani ya Nyayo Gardens na barabara.

Nyayo Gardens ni ndogo kwa jiji la watu nusu milioni, lakini inafanya kazi ya mahali pakubwa mara kumi. Fika mchana wa siku ya kazi, jua likiwa utosini. Chini ya kila mti kuna watu, na kivuli kinapohama nao wanahama. Msichana aliyekuja mjini kutafuta kazi anapanga upya vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Mzee aliyemleta mkewe hospitali amevua viatu, anangoja saa ya kuona wagonjwa. Mhubiri amesimama na Biblia iliyofunikwa kwa plastiki, na wanaomsikiliza ni wachache, lakini hapunguzi sauti. Mpiga picha anapita na kamera shingoni, akiwaonyesha wapenzi wawili sampuli za kazi yake, ingawa kila mmoja wao ana simu yenye kamera mfukoni. Wanakubali. Wanasimama mbele ya maua, dada anarekebisha kitambaa kichwani, kijana hajui aweke wapi mikono yake. Picha ya karatasi bado ina heshima, maana itatumwa kwa mama kijijini, iwekwe kwenye kabati la vioo.

Hapo hakuna anayekuuliza umenunua nini. Mtu ambaye hajaishi mjini bila hela hawezi kujua thamani ya mahali kama hapo. Ukiwa na shilingi mia mbili unaingia mkahawani, unaagiza chai, unakaa nusu saa. Ukiwa na nauli ya kurudi nyumbani tu, mji mzima hauna kiti chako. Utasimama kwenye kibaraza cha duka hadi mlinzi akuombe usogee, utasogea hadi kibaraza cha pili, na hivyo hivyo mpaka jua litue. Benchi la bustani ni kiti pekee ambacho jiji humpa mwananchi bila kumuuliza ana shilingi ngapi.

Barabara nazo zina maisha yao. Kenyatta Avenue kwa miaka mingi imekuwa ndiyo sebule ya Nakuru, na mijakaranda ikichanua lami yote hugeuka zambarau. Jioni, ofisi zikifungwa, wachuuzi hutandaza. Viatu vya mitumba vilivyong'arishwa hadi vikasahau vilikotoka, parachichi za Subukia, soksi tatu kwa mia, smoki iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari, mahindi ya kuchoma, njugu ndani ya karatasi iliyosokotwa. Kila mmoja ana jicho moja kwa mteja na jicho la pili kona ya barabara, askari wa kanjo wasije wakatokea. Wakitokea, turubai lenye bidhaa zote hukunjwa kwa kushika pembe nne kwa mkono mmoja, na mwenyewe huyo mbio. Nimewaona akina mama wa umri wa mama yangu wakifanya hivyo, na sioni kitu cha kuchekesha. Mtu anayelipa ushuru wa kila siku, au aliye tayari kuulipa, hafai kukimbizwa kama mwizi kwa sababu jiji halikumwachia mahali.

Serikali za kaunti zimejaribu kulipanga eneo hili kwa zamu, kila moja kwa njia yake. Kinuthia Mbugua alikuwa gavana wa kwanza, 2013 hadi 2017. Akafuata Lee Kinyanjui, na ni katika kipindi chake ndipo matatu zilipoondolewa katikati ya mji mwaka 2020, wakati wa korona, zikapelekwa vituo vya pembeni. Kwa muda, katikati ya Nakuru palipumua. Uliweza kuvuka barabara bila kushikwa mkono na makanga. Lakini wenye maduka walilia kwamba wateja wametoweka, na mzee wa kutoka Njoro mwenye gunia la viazi akajikuta anatembea mwendo mrefu au analipa bodaboda ya pili. Susan Kihika alipochaguliwa 2022, matatu zikarudi. Hoja ya pande zote mbili ina ukweli ndani yake, na hakuna upande uliojibu swali lililo chini yake: ukiyaondoa magari, nafasi inayobaki inakuwa ya nani? Mwaka ule wa 2020 haikuwa ya mtu. Hapakuwekwa benchi, hapakupandwa miti ya kutosha, hapakujengwa choo. Nafasi tupu isiyopewa kazi hudaiwa na mwenye nguvu, na katika miji yetu mwenye nguvu ni gari.

Juni 2024 tuliona matokeo ya jiji kukosa uwanja wake. Vijana walipotoka kupinga Mswada wa Fedha, walitoka Nakuru kama walivyotoka Nairobi, Kisumu na Eldoret. Walikusanyika barabarani kwa sababu hapakuwa na pengine. Katiba ya 2010, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha, kuandamana na kuwasilisha malalamiko yake. Haki hiyo inahitaji ardhi ya kusimamia. Mkutano ukifanyika kati ya maduka na magari, kila upande unaingiwa na hofu: mwenye duka anashusha chuma, polisi anaona barabara kuu imezibwa, kijana anaona amezingirwa. Kitoa machozi kikirushwa kati ya majengo, moshi haubagui muandamanaji na mama aliyekuja kununua sare ya shule. Uwanja mpana haungezuia kila ubaya wa siku zile. Lakini ungewapa watu mahali pa kusimama wakasikika bila kuufunga mji, na ungeinyima serikali kisingizio cha kwamba wameufunga.

Nakuru inaijua vizuri nguvu ya mkutano. Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikutana na walowezi mia kadhaa katika ukumbi wa manispaa wa mji huu, akawaambia waliokuwa tayari kufungasha virago kwamba yaliyopita yasamehewe na kwamba walikuwa na nafasi katika Kenya huru. Hatima ya mashamba ya Bonde la Ufa, kwa mema yake na kwa machungu ambayo bado hayajaisha, ilichukua mkondo siku ile. Mwaka 1976, ni hapa Nakuru pia ndipo vuguvugu la kubadili katiba ili makamu wa rais asimrithi rais moja kwa moja lilipozinduliwa hadharani, na mmoja wa vinara wake alikuwa Kihika Kimani, babake gavana wa sasa. Mtu anaweza kulipenda jambo lililosemwa kwenye mikutano hiyo au kulichukia. Hawezi kukana kwamba nchi imekuwa ikija Nakuru kuzungumza na nafsi yake.

Basi Afraha. Mnamo 2021 kaunti ilianza kuijenga upya kwa fedha zilizopitia mpango wa kusaidia miji ya Kenya unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule unaojulikana kwa ufupi kama KUSP. Awamu ya kwanza ilitengewa mamia ya mamilioni ya shilingi. Majukwaa ya zamani yakabomolewa, mabati yakazungushwa, tingatinga zikaingia. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyotwaa ubingwa wa ligi 2003, 2004, 2005 na tena 2010, na ambayo Nakuru ilikuwa imeizoea kama mtoto wake, ikalazimika kucheza kwingine. Watoto wa Bondeni, Kivumbini na Flamingo, waliokuwa wakiingia kupitia mwanya wa ukuta ili waone dakika ishirini za mwisho, wakabaki kutazama mabati.

Siupingi ujenzi huo. Afraha ya zamani ilikuwa imechoka. Vyoo vyake vilikuwa aibu, nyasi zilibaki kwa kumbukumbu, na mtu wa kiti cha magurudumu hakuwa na pa kupita. Nakuru inastahili uwanja ambao timu ya taifa inaweza kucheza, na vijana wa Molo na Kuresoi wenye mapafu ya kukimbia wanastahili njia ya kisasa ya riadha karibu na kwao. Ninachokiogopa ni kitu ambacho nimekiona kikitokea kwingine. Uwanja wa kisasa huja na sheria za kisasa: nyasi hazikanyagwi, kukodi kuna bei, lango lina kufuli, na mkutano wa mama mboga au wa chama cha wastaafu hauna mahali katika daftari la meneja. Gharama kubwa ya ujenzi hugeuka kuwa sababu ya kuwazuia wale waliotozwa kodi ili ijengwe. Hakuna anayetangaza kwamba ardhi ya umma imechukuliwa. Inachukuliwa kwa ratiba na kwa bei ya tiketi.

Mahali pengine pamefaulu, na hatuhitaji kwenda Ulaya kupaona. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilikuwa imechakaa sana kabla ya taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kuikarabati na kuifungua upya Julai 2009. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, taa zikawekwa, njia zikapangwa. Jambo la busara kuliko yote ni kwamba soko la chakula la jioni halikufukuzwa. Wachoma mishikaki, wauza pweza, wakamuaji wa miwa na wapika zanzibar piza walipangiwa sehemu, wakapata maji na mwanga, wakarudi na majiko yao. Hata leo, jua likizama, mtalii na mvuvi wanapanga foleni moja. Waliokarabati walielewa kwamba watu wale ndio bustani yenyewe.

Nairobi nayo ina somo lake, nalo lilinunuliwa kwa damu. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliposikia kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimamishwa Uhuru Park, aliandika barua kwa kila ofisi aliyoijua. Alitukanwa bungeni. Chama tawala kilimwita majina ya dharau. Wafadhili wakajiondoa, mradi ukafa, na bustani ikabaki. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya bustani hiyo, wakapigwa, na Maathai akapigwa pamoja nao hadi akazirai. Agosti 27, 2010, katiba mpya ilitangazwa rasmi kwenye bustani hiyo hiyo. Lile ghorofa lingejengwa, sijui tungekuwa tumesimama wapi siku ile. Lakini hata Uhuru Park, ilipofungwa 2021 ili ikarabatiwe, Wanairobi walikaa muda mrefu wakiitazama kupitia uzio. Kukarabati kunaweza kuwa kwa nia njema na bado kukamnyima mwananchi mahali pake, kama hakuna aliyeandika tarehe ya kumfungulia.

Kisheria, mambo hayana utata. Ibara ya 62 ya katiba inasema ardhi ya umma ya namna hii inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ambayo ilirekebishwa 2019 ikapunguza idadi ya wakazi inayotakiwa kwa jiji kutoka 500,000 hadi 250,000 na kuifungulia Nakuru njia, inahesabu viwanja vya michezo na bustani za mapumziko miongoni mwa huduma ambazo mahali panapoitwa jiji panapaswa kuwa nazo. Seneti ilipoidhinisha ombi la Nakuru Juni 3, 2021, na Rais Uhuru Kenyatta alipokabidhi hati Desemba 1 mwaka huo, deni hilo lilikuja ndani ya bahasha moja na heshima. Tumesherehekea heshima. Deni bado.

Tena mji huu una historia ya kukaa kitako na kupanga mambo yake. Katikati ya miaka ya 1990 Nakuru ilichaguliwa, pamoja na Essaouira wa Morocco na Vinh wa Vietnam, katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuifundisha miji midogo kupanga maendeleo yake kwa kuwashirikisha wakazi, na mji wa Leuven wa Ubelgiji ukashikana mkono nayo. Madiwani, wafanyabiashara, wataalamu wa mbuga na watu wa mitaa walikaa meza moja wakachora mwelekeo wa mji kati ya volkano na ziwa. Si kila walichokiandika kilitekelezwa. Mengi yalibaki makaratasini. Hata hivyo walithibitisha kwamba mkazi wa Bondeni akiulizwa mji wake uweje, ana jibu, tena jibu la maana.

Nikiulizwa mimi, nitasema haya. Afraha iandikiwe kanuni, na kanuni hiyo ipitishwe na bunge la kaunti, kwamba kuna siku katika kila wiki ambazo lango liko wazi kwa mkazi yeyote, bila tiketi. Njia ya riadha ifunguliwe alfajiri kwa wanaokimbia na jioni kwa wanaotembea. Nje ya ukuta kuachwe kiwanja cha kutosha, chenye lami ya mawe, miti ya kivuli, bomba la maji, vyoo na taa, ambapo mkutano wa amani unaweza kufanyika bila kuomba ruhusa ya meneja wa michezo, na ambapo wachuuzi wana nafasi zenye namba na stakabadhi. Nyayo Gardens iongezewe miti na mabenchi, isiongezewe uzio. Na kiraka chochote cha ardhi ya umma kilichobaki kati ya reli na ziwa kipimwe, kipewe hati kwa jina la wananchi, kabla hakijapata mwenyewe kimyakimya. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilituonyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogawanywa nchi nzima kwa barua za usiku. Hatuna sababu ya kudhani wenye barua hizo wamestaafu.

Haya si maombi ya anasa. Gharama ya benchi ni ndogo, na mti ni bei ya mche na mtu wa kuumwagilia misimu miwili ya kiangazi. Kilicho ghali ni kununua tena ardhi ambayo ilikuwa yako.

Kila mwaka kaunti hulazimika kisheria kuwaita wakazi watoe maoni kabla bajeti haijapitishwa, na matangazo ya vikao hivyo hubandikwa kwenye ofisi za wadi na magazetini. Mara nyingi viti huwa vitupu na makarani hujaza fomu kwa haraka wakaenda zao. Msomaji wa Nakuru, wa Bahati, wa Njoro na wa Gilgil, kikao kijacho nenda. Uliza Afraha itafunguliwa kwa umma siku zipi, na udai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jina la afisa aliyelitoa.